Kabla ya Kumwita Mtundu, Chunguza Usiku Wake: Mwongozo wa Usingizi na Umakini wa Mtoto

Mtu mzima akikosa usingizi kila mtu humwona. Anapiga miayo, macho mazito, anatafuta pa kuegemea. Mtoto si hivyo. Mtoto wa miaka mitano au minane aliyelala pungufu kwa siku kadhaa mara nyingi hukimbia zaidi, huongea zaidi, hudandia viti, hulia kwa sababu ya penseli iliyovunjika, na ukimpa kazi ya dakika 10 huiacha dakika ya tatu. Ndiyo maana wazazi wengi hawafikirii usingizi. Wanaona mtoto mwenye nguvu nyingi, wanasema huyu hachoki. Kumbe amechoka kupita kiasi, na mwili wake unajitutumua ili asisinzie.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa darasa la pili nilimpa kila jina: mtundu, msahaulifu, kichwa kigumu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kugundua kwamba alikuwa halali vya kutosha, na kwamba alikuwa akikoroma. Bado naumia nikikumbuka adhabu alizopata kwa kosa la kuchoka. Haya ninayoandika hapa ndiyo ningependa mtu angenieleza wakati ule, kwa mpangilio ule ule ambao ningepaswa kuufuata.

Kwanza, elewa kinachotokea kichwani

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomwezesha mtoto kungoja zamu yake, kushika maagizo mawili kwa wakati mmoja, kupuuza kelele na kurudi kwenye kazi baada ya kukatizwa. Sehemu hiyo huchelewa sana kukomaa, na huyumba mapema usingizi unapopungua. Kwa hiyo kinachoharibika kwanza si ujuzi wa mtoto, ni uwezo wake wa kujizuia. Jedwali la kuzidisha analijua. Kukaa nalo hadi mwisho ndiko kunakomshinda.

Wala haihitaji kukesha. Mwaka 2003 Avi Sadeh na wenzake nchini Israel walichapisha jaribio la watoto wa shule ya msingi: baadhi waliambiwa walale zaidi kwa saa moja, wengine wapunguze saa moja, kwa usiku 3 tu. Tofauti ilionekana kwenye vipimo vya umakini na kumbukumbu. Mwaka 2012 Reut Gruber na wenzake huko Montreal, Kanada, walifuatilia watoto wa miaka 7 hadi 11 kwa usiku 5. Walioongeza takriban nusu saa walionekana kuwa watulivu zaidi darasani, na waliopunguza karibu saa moja walikuwa wepesi wa hasira na wa kukurupuka. Walimu waliotoa maoni hayo hawakuambiwa nani alilala vipi.

Nusu saa! Ni kipindi kimoja cha runinga.

Hata hivyo uhusiano huu una pande mbili, na hapa naomba tusidanganyane. Watoto wenye ADHD, yaani tatizo la umakini na utukutu uliopitiliza, hupata shida ya usingizi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Kwa wengi wao saa ya mwili, yaani mfumo wa ndani unaopanga muda wa kulala na kuamka, imechelewa, akili haitulii taa zikizimwa, na baadhi ya dawa wanazotumia hufukuza usingizi. Usingizi mbaya basi unaweza kuwa chanzo cha tatizo, ukaambatana nalo tu, au ukawa matokeo yake. Huwezi kujua kwa kumtazama mtoto mchana peke yake. Inabidi uanze na usiku.

Hatua ya 1: Andika usiku 14

Usibadilishe chochote bado. Chukua daftari, na kila asubuhi andika mambo matano: saa aliyoingia kitandani, saa unayodhani alipitiwa na usingizi, mara alizoamka, saa aliyoamka asubuhi, na kama aliamka mwenyewe au aliamshwa kwa kuvutwa. Jioni ongeza mstari mmoja kuhusu mchana ulivyokwenda. Andika kitu kilichotokea hasa, kama "aliacha hesabu mara nne" au "alimpiga mdogo wake kwa kuguswa kalamu." Ukiandika "alikuwa msumbufu" hutajifunza kitu.

Wiki mbili ni kwa sababu unahitaji kuona wikendi mbili. Wikendi huumbua. Mtoto anayeamshwa saa 11:30 alfajiri siku za shule, kisha Jumamosi akaachwa akalala hadi saa 3:00 asubuhi, anakuonyesha deni la usingizi. Jumatatu anaingia darasani na saa ya mwili iliyosogezwa, kama msafiri aliyetoka nchi ya mbali.

Baada ya hapo piga hesabu. Tuseme una mtoto wa miaka 8 anayeingia kitandani saa 3:00 usiku na kuamshwa saa 11:30 alfajiri. Wewe unaamini amelala masaa 8 na nusu. Daftari linasema hupitiwa na usingizi saa 3:50. Amelala masaa 7 na dakika 40, wakati umri wake unahitaji angalau masaa 9. Anakosa saa 1 na dakika 20 kila usiku, na kwa siku tano za shule hilo ni deni la karibu masaa 7.

Viwango vilivyotolewa na wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani mwaka 2016, kwa kila saa 24, ni hivi:

- Miezi 4 hadi 12: masaa 12 hadi 16, pamoja na usingizi wa mchana
- Miaka 1 hadi 2: masaa 11 hadi 14, pamoja na wa mchana
- Miaka 3 hadi 5: masaa 10 hadi 13, pamoja na wa mchana
- Miaka 6 hadi 12: masaa 9 hadi 12
- Miaka 13 hadi 18: masaa 8 hadi 10

Watoto hutofautiana, ndiyo maana kuna nafasi kubwa kati ya namba ya chini na ya juu. Mtoto anayeamka mwenyewe, mchangamfu, na kumaliza siku bila kuporomoka, usimlazimishe. Pia linganisha na likizo: kama kwenye likizo ndefu, akilala anavyotaka, wiki ya pili anageuka mtoto mwingine kabisa, hiyo ni dalili nzito kuliko maelezo mengi.

Hatua ya 2: Ingia chumbani usiku ukasikilize

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na kwangu ndiyo muhimu kuliko zote. Mtoto anaweza kulala masaa 10 na asipumzike. Masaa yakiwa kamili na mchana bado ni vurugu, tatizo huenda liko ndani ya usingizi wenyewe.

Sikiliza kukoroma. Kukoroma akiwa na mafua si jambo kubwa. Kukoroma usiku tatu au zaidi kwa wiki bila mafua ni jambo la kumwona daktari, hata kama ukoo mzima unakoroma na hata kama bibi anasema ni usingizi mtamu. Tazama kama kifua kinapanda lakini hewa haipiti, kisha anashtuka kwa mkoromo mkubwa. Tazama kama analala mdomo wazi, shingo imepinda nyuma, anatokwa jasho jingi, anageuka kitanda kizima. Kuanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha kwa miezi, au kuamka na kichwa kinachouma, ni dalili za kundi hilo hilo.

Kwa watoto, kinachoziba njia ya hewa mara nyingi ni tonsesi na nyama za puani, ambazo huwa kubwa ukilinganisha na koo kati ya miaka 2 na 8. Kila hewa inapokatika, ubongo huamka kidogo ili kuifungua njia. Mtoto hakumbuki, mzazi haoni, lakini usingizi umekatwa vipande vipande. Jambo hili si geni: mwaka 1889 daktari William Hill wa London aliandika kuhusu watoto walioitwa wazito wa akili shuleni, kumbe hawapati hewa vizuri puani.

Nenda mara mbili: saa moja au mbili baada ya kulala, kisha kuelekea alfajiri. Usiache ya alfajiri, kwa sababu usingizi wa ndoto huwa mwingi mwishoni mwa usiku, na hapo ndipo pumzi za watoto hukatika zaidi. Rekodi video ya dakika mbili kwa simu, kifua kikionekana na sauti ikisikika. Mchana mtoto ataingia kwa daktari akipumua vizuri kabisa. Video itasema kilichotokea usiku.

Je, kutoa tonsesi huponya umakini? Majibu yanatofautiana, nami sitaki kukupa tumaini la uongo. Katika utafiti wa Ronald Chervin wa Chuo Kikuu cha Michigan uliochapishwa mwaka 2006, watoto 22 kati ya waliokuwa wakisubiri upasuaji walikuwa na vigezo vya ADHD. Mwaka mmoja baadaye nusu yao hawakuwa navyo tena. Mwaka 2013 jaribio kubwa la watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye kukatika pumzi halikuonyesha tofauti kubwa kwenye vipimo rasmi vya umakini baada ya miezi 7, lakini tabia kwa maelezo ya wazazi, usingizi na hali ya maisha vilikuwa bora kwa waliofanyiwa upasuaji. Kwa hiyo upasuaji ni kwa ajili ya pumzi. Umakini ukirudi nao, mshukuru Mungu.

Kuna mambo mengine ya usiku yasiyotoa sauti. Mtoto anayesema miguu inamkera jioni, kama wadudu wanatembea ndani, na anayetulia akiisogeza, huenda ana tatizo la miguu kutotulia, ambalo kwa watoto huhusiana mara nyingi na upungufu wa akiba ya madini ya chuma. Daktari hupima ferritini kwenye damu, kipimo kinachoonyesha akiba hiyo. Katika tatizo hili madaktari wengi huanza kufikiria tiba ikiwa chini ya mikrogramu 50 kwa lita, hata kama mtoto hana upungufu wa damu. Usimpe vidonge vya chuma kwa kukisia, kwa sababu vikizidi ni sumu kali kwa mtoto. Mwingine hujikuna makalio usiku kucha kwa sababu ya minyoo midogo myeupe ambayo hutoka kutaga mayai mtoto akiwa amelala; mmulike kwa tochi masaa mawili au matatu baada ya kulala. Pumu, ukurutu na kikohozi cha usiku navyo hukata usingizi kimyakimya.

Hatua ya 3: Rekebisha asubuhi kabla ya usiku

Wazazi wengi huanza na "leo utalala mapema." Ndiyo njia ya haraka ya kuanzisha vita. Huwezi kumwamuru mtoto apitiwe na usingizi, lakini unaweza kumwamsha. Chagua saa moja ya kuamka, uishike siku zote saba, na wikendi usiipitishe kwa zaidi ya saa moja.

Mara tu akiamka, mpeleke kwenye mwanga wa nje. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na kuvuta usingizi wa jioni uje mapema. Hata siku ya mawingu, nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ndani ya chumba chenye taa. Dakika 20 au 30 za kutembea, kucheza au kusubiri usafiri zinatosha. Siku chache za kwanza atakuwa mchovu jioni. Usimwonee huruma kwa kumlaza usingizi mrefu wa mchana, kwa sababu uchovu huo ndio mtaji wako.

Usingizi wa mchana ni halali kwa wadogo. Wengi huuacha kufikia miaka 5. Mtoto wa shule anayeuhitaji kila siku anakuambia usiku haumtoshi.

Hatua ya 4: Tunza saa ya mwisho

Giza linapoingia ubongo huachia melatonini, homoni inayotangaza usiku. Mwanga mkali huizuia, na kwa watoto zaidi kuliko kwetu, kwa kuwa mboni zao ni pana na lenzi za macho yao hupitisha mwanga mwingi. Saa moja kabla ya kulala punguza taa na weka pembeni simu, tableti na runinga. Mwanga ni nusu tu ya tatizo. Nusu nyingine ni kwamba mchezo wa simu hauna mwisho, na kumkatiza kila usiku ni ugomvi mpya. Mahali pa simu usiku pawe nje ya chumba cha mtoto, na simu yako ilale hapo hapo, la sivyo hatakuamini.

Kisha fanya mambo yale yale, kwa mpangilio ule ule: kuoga, meno, haja ndogo, hadithi au mazungumzo, taa. Dakika 30 hadi 40 zinatosha. Kwa mtoto mwenye shida ya umakini chora mpangilio huo kwa picha na ubandike ukutani, ili ukuta ndio umwambie kinachofuata badala ya wewe kurudia mara sita. Chai, kahawa, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu viondoe kuanzia mchana. Kafeini hukaa mwilini kwa masaa mengi.

Hatua ya 5: Sogeza muda kidogo kidogo

Rudi kwenye daftari. Kama mtoto hupitiwa na usingizi mara tu akilala, tatizo lako ni saa ya kulala tu. Iwahishe kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu hadi afikie masaa yake.

Kama hukaa macho dakika 40 au zaidi, usimwingize kitandani mapema zaidi. Masaa ya mwisho kabla ya usingizi wa kawaida ni kipindi ambacho saa ya mwili inamchangamsha kuliko wakati mwingine wowote. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa hoi saa 12:00 jioni anaruka ruka saa 2:30 usiku. Kwa huyu, fanya kinyume: mwingize kitandani karibu na saa anayopitiwa na usingizi kweli, tuseme 3:50, huku saa ya kuamka ikibaki ile ile. Akishalala ndani ya dakika 15 au 20 kwa siku kadhaa mfululizo, anza kuwahisha saa ya kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili tatu. Kwa wiki ya kwanza atalala kidogo kuliko unavyotaka, na mchana unaweza kuwa mgumu. Vumilia. Anajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kulala, si pa kuhangaika.

Anayetoka chumbani mara kwa mara, maji, choo, swali, mpe kadi moja kila usiku. Kadi hiyo inamnunulia ruhusa moja ya kutoka. Akishaitumia, unamrudisha kitandani kwa sauti ya chini bila mazungumzo. Asubuhi akiwa bado anayo, mpongeze kwa kitu kidogo. Njia hii hufaa zaidi watoto wa kuanzia miaka 3, na usiku mbili za mwanzo huwa na kelele.

Wenye ADHD iliyothibitishwa nao wasiachwe nyuma. Mwaka 2015 watafiti wa Melbourne, Australia, wakiongozwa na Harriet Hiscock, walichapisha jaribio la watoto 244 wenye ADHD na shida ya usingizi. Familia zilizopewa vikao viwili vifupi vya kurekebisha usingizi kwa mbinu za namna hii ziliona nafuu ya usingizi, na dalili za ADHD zenyewe zilipungua kiasi.

Hatua ya 6: Pima tena, mwalimu akiwepo

Baada ya wiki nne, andika tena usiku 14 na ulinganishe. Mwombe mwalimu maoni, lakini uliza maswali mahususi: anamaliza kazi ngapi kati ya tano, anainuka mara ngapi, ni vipindi gani vinamshinda. Asubuhi kuwa mbaya na mchana kuwa afadhali huweza kuashiria usingizi.

Kwa kijana wa miaka 13 na kuendelea uwe mpole. Balehe huchelewesha saa ya mwili, kwa hiyo kukosa usingizi mapema si ukaidi. Mwanga wa asubuhi na simu nje ya chumba ndivyo vinavyosaidia, amri hazisaidii.

Lini umwone daktari

Kwa kukoroma au kukatika pumzi, usingoje hatua nyingine. Mwone daktari wa watoto au wa masikio, pua na koo. Vivyo hivyo kwa mtoto anayelala ghafla katikati ya kula au kucheza, anayelegea mwili akicheka, au anayekodoa macho sekunde kadhaa bila kusikia anapoitwa, kwani hiyo ya mwisho inaweza kuwa kifafa na watu wakadhani ni kutosikiliza.

Kama usingizi umerekebishwa na umakini bado ni shida, omba uchunguzi wa ADHD bila aibu. Vigezo vinavyotumika sana hutaka dalili zidumu miezi 6 au zaidi, zionekane mahali zaidi ya pamoja, na baadhi yake ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Kama tayari anatumia dawa, mweleze daktari saa anayoimeza na saa anayopitiwa na usingizi. Kubadilisha muda au aina ya dawa huweza kusaidia. Melatonini ya kununua usimpe kwa ushauri wa jirani, na dawa za mafua zenye kusinzisha usizigeuze kuwa za kulalia.

Nenda na daftari, video, na maoni ya mwalimu. Na mwache mtoto ajibu mwenyewe. Daktari alimuuliza mwanangu hutokea nini akishazimiwa taa, akasema pua yake hufunga mlango kila usiku, naye hukaa macho akiingoja ifungue. Alikuwa na miaka saba, na mimi sikuwahi kumuuliza.